Terminator 2 na Speed 2: wikendi moja, sehemu mbili za pili

Mlango wa lifti unafunguka. Sarah Connor yuko mbioni. Amewaacha nyuma wahudumu wa hospitali ya wagonjwa wa akili walikomfungia, na imebaki korido moja tu awe huru. Ndani ya lifti linatoka jibaba lenye jaketi jeusi la ngozi na miwani ya jua, bunduki mkononi. Sisi tunaotazama tunajua kwamba safari hii jibaba hilo, ambalo ni roboti la kutoka wakati ujao, limekuja kumwokoa. Yeye hajui. Miguu inamteleza, anaanguka, anajikokota kinyumenyume sakafuni huku macho yamemtoka, halafu anainuka na kukimbilia kulekule kwa watu waliokuwa wanamfukuza. Yaani bora arudi kwenye mikanda ya kitanda kuliko kubaki na yule.

Wikendi iliyopita nilirudisha nyuma kipande hicho cha Terminator 2 mara mbili. Kama mtu angenikamata shati aniulize kwa nini sehemu ya pili ya hadithi fulani inapendwa na nyingine inatupwa jalalani, nisingemjibu kitu. Ningemwonyesha lifti hiyo.

Ilikuwa hivi. Binti wa dada yangu, ana miaka 14, alikuja kukaa kwangu siku mbili. Nikaamua kumfanyia jaribio bila kumwambia. Jumamosi usiku nikamwekea Speed 2: Cruise Control ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Jan de Bont. Jumapili nikamwekea Terminator 2: Judgment Day ya mwaka 1991, ya James Cameron. Zote mbili ni sehemu ya pili, na za kwanza nilimnyima kwa makusudi. Mimi za kwanza nimezitazama hadi najua nani anakohoa wapi. Yeye hakujua hata jina la steringi. Nilitaka kuona ipi itasimama yenyewe mbele ya mtu ambaye hana ukumbusho nayo wala haioni haya.

Nianze na mbaya, tuimalize.

Speed ya kwanza, ya mwaka 1994, ina kanuni moja. Basi la abiria limetegwa bomu. Likishafika maili 50 kwa saa, kama kilomita 80 hivi, bomu linaamka. Likishuka chini ya hapo, linalipuka. Basi, kisa kimekwisha. Kanuni hiyo mtoto mdogo anaielewa, na ukishaielewa tu, wewe nawe umeshika usukani. Foleni inakuhusu. Kona inakuhusu. Barabara ambayo haijamalizwa kujengwa, yenye pengo katikati, inakuhusu kuliko ada ya shule. Saa nzima hukai vizuri kwenye kiti.

Sehemu ya pili ikahamia kwenye meli ya kifahari. Annie, yule dada aliyeliendesha basi, anayeigizwa na Sandra Bullock, yuko likizo na mchumba mpya. Keanu Reeves alikataa kurudi, kwa hiyo yule Jack wa kwanza akaondolewa kwa maneno mawili matatu na akaletwa Jason Patric, polisi mwingine, shupavu mwingine, mwenye tabia ileile ya kurukia vitu vinavyokwenda. Kukataa kwa mwigizaji siwalaumu nako. Ninachowalaumu ni kuchukua viatu vya mtu aliyeondoka na kumvalisha mgeni, halafu wakataka tusitazame miguuni.

Jambazi ni Willem Dafoe, mtu aliyesanifu mitambo ya kompyuta ya meli kama hizo kisha akafukuzwa kazi. Ni mgonjwa, na anajiwekea ruba mwilini wamnyonye, eti kupunguza sumu ya shaba kwenye damu. Wale ruba ndio kitu pekee ambacho binti alikumbuka kesho yake asubuhi.

Zilikuwa zimepita kama dakika arobaini, meli imetekwa, watu wanapiga kelele, muziki unavuma. Binti akanigeukia.

"Mjomba, kwani hii meli ikipunguza mwendo, kunatokea nini?"

Nikafungua mdomo nikaufunga. Hakuna kinachotokea. Meli ikipunguza mwendo ni heri kwa kila mtu. Filamu inaitwa Mwendo, imekopa jina kwa hadithi ambayo mwendo wenyewe ndio uliokuwa bomu, halafu imewapandisha watu kwenye chombo ambacho hata kikikimbia hukioni kikikimbia, maana baharini hakuna mti wala nguzo inayopita dirishani. Mwishoni meli inaparamia gati na kuingia mjini, inabomoa jengo moja baada ya jingine kwa mwendo wa mtu anayeegesha lori. Kazi ya mikono pale ni kubwa, sikatai, vitu vingi vilijengwa kweli na kuvunjwa kweli. Binti alikuwa ameshachukua simu.

Lakini kilichoniuma zaidi kiko mwanzoni kabisa, na nadhani wengi walikipita. Kwenye filamu ya kwanza, Annie anapanda basi kwa sababu amenyang'anywa leseni, kosa lenyewe ni kwenda kasi. Sehemu ya pili inaanza akiwa kwenye mtihani wa udereva, kaketi kando ya mtahini wake. Hapo nilijiweka sawa kwenye kiti. Nikasema, kumbe walifikiri! Huyu mwanamke ameshika usukani wa basi lenye bomu, ameona abiria mwenzake akifa mlangoni kwa kujaribu kushuka. Leo anashika usukani tena kwa mara ya kwanza mbele yetu. Mikono yake itakuwaje? Akiona taa nyekundu, mguu utakubali kukanyaga breki?

Wakaifanya kichekesho. Anaendesha vibaya, mtahini anatokwa jasho, cheka cheka, tunahamia kwingine. Filamu nzuri ilikuwa imekaa mle ndani ya lile gari dogo, wakashuka wakaenda kupanda meli.

Watu wengi husema sehemu za pili huharibika kwa sababu ya pesa, kwamba studio ikishanusa faida, sanaa inakufa. Mimi sikubaliani, na filamu hizi mbili ndizo ushahidi wangu. Terminator ya kwanza ya mwaka 1984 ilitengenezwa kwa takribani dola milioni 6; ya pili ilikula takribani milioni 100, fedha ambazo kwa wakati ule zilishangaza dunia. Speed ya kwanza iligharimu takribani milioni 30, ya pili ikapita milioni 100. Zote mbili zilirudi zimenona. Moja ikashinda tuzo 4 za Oscar, nyingine ikawa mfano wa kuchekea kila mtu anapotaja miendelezo mibovu. Pesa haikumzuia Cameron kukumbuka kitu ambacho de Bont alikisahau: yale yaliyotokea kwenye filamu ya kwanza yalimtokea mtu, na mtu huyo hajapona.

Sarah Connor wa mwaka 1984 alikuwa mhudumu wa mgahawa, dada wa kawaida anayechanganya oda za wateja. Tunapomwona tena mara ya kwanza mwaka 1991, amegeuka mgongo. Amesimamisha fremu ya kitanda cha chuma ukutani na anajivuta juu yake, anashuka, anajivuta. Hakuna anayesimulia amepita wapi. Mabega yanasema. Halafu anageuka, na uso ni uleule lakini aliyekuwa akiishi ndani yake amehama.

Sasa rudi kwenye lifti. Linda Hamilton hapigi mayowe ya filamu za kutisha pale. Sauti inakuja kwa kuchelewa, mwili umeshatangulia. Magoti yanakumbuka kabla ya kichwa. Miaka ya mazoezi, ile mikono yote, vinamwishia ndani ya sekunde moja kwa sababu ya sura ya mtu. Binti akaniuliza:

"Mbona anamkimbia, na huyu ndiye anamsaidia?"

"Aliwahi kutaka kumuua."

"Huyuhuyu?"

"Anayefanana naye. Kabla huyo kijana wake hajazaliwa."

Akanyamaza kidogo. "Ndiyo maana," akasema, akaacha kutafuna.

Hakuwa ameiona ya kwanza hata dakika moja. Ameipata yote kwenye mgongo wa mwanamke anayejiburuta sakafuni. Kisha lile roboti linainama, linamnyooshea mkono, na kumwambia aje nalo kama anataka kuishi. Ni maneno yaleyale aliyoambiwa mwaka 1984 na Kyle Reese, mwanamume aliyemlinda dhidi ya mashine yenye sura hiihii, akafa. Mimi niliyeiona ya kwanza nywele zilinisimama. Binti ambaye hakuiona aliona mkono tu, akaona Sarah akiutazama. Wote wawili tulikuwa na chetu. Kukumbusha namna hiyo ndiko ninakokupenda: asiyejua hajui kwamba amekosa kitu, na anayejua anapewa kidogo zaidi bila kukonyezwa jicho. Siku hizi miendelezo mingi inakukonyeza hadi unataka kuipeleka hospitali ya macho.

Kuna ujanja mwingine wa Cameron ambao ningependa waandishi wa hadithi wauibe, maana hauhitaji hata senti. Tulitegemea mashine ya pili iwe na nguvu kuliko ya kwanza. Kinyume chake, steringi amefungwa mkono. Kijana John, mwana wa Sarah, anapogundua kwamba roboti litamtii, jambo la kwanza analolikataza ni kuua. Kuanzia hapo, jitu lililojengwa kwa ajili ya kuua watu linalazimika kupita kati ya watu bila kuua hata mmoja. Pale getini hospitalini linampiga mlinzi risasi za miguu, kisha linamwarifu John kwamba ataishi, kwa sauti ya karani anayegonga muhuri. Binti alicheka hadi akalala ubavu. Na adui naye hakuongezwa misuli. Ni Robert Patrick, mwembamba, nadhifu, kavaa sare za polisi, anakimbia mdomo umefungwa. Uwezo wake wa kuyeyuka kama chuma cha moto ulionekana kama uchawi mwaka ule, lakini ukihesabu, kompyuta imefanya kazi kwa dakika chache tu za filamu nzima. Muda mwingi unaogopa mkao wake tu.

Hapa kuna jambo ambalo binti alilifaidi na sisi wa zamani tuliibiwa. Filamu imepangwa usijue nani ni nani. Wanafika wawili kutoka wakati ujao, wote uchi, wote wanamtafuta mtoto mmoja. Anayefanana na muuaji wa kwanza anavaa ngozi na kuchukua pikipiki. Mwingine anavaa sare na kuuliza kwa adabu. Hadi wanapokutana kwenye korido ya nyuma ya jengo la maduka, John katikati, sanduku la maua ya waridi likifunguka na bunduki kutoka ndani, hujaambiwa uegemee wapi. Lakini mwaka 1991 kionjo kiliwaambia watu wote mapema kwamba jibaba safari hii ni mtu mwema. Chema chajiuza, wangekiacha kijiuze! Binti alikuwa upande wa polisi nusu saa nzima. Bunduki ilipotoka kwenye waridi alinishika mkono.

Haina maana filamu haina kasoro. Ile sauti ya Sarah inayosimulia usiku barabarani inanitafunia nilichokwisha kumeza. Anapomtazama roboti akicheza na mwanawe, uso wake umeshasema kila kitu, halafu sauti inakuja kurudia. Baadhi ya misemo ambayo John anamfundisha mashine imezeeka vibaya. Na sehemu ya katikati kule jangwani inapumzika kupita kiasi; binti aliuliza muda uliobaki, na hilo kwangu ni alama ya kupunguzwa.

Cameron alikuwa ameshafanya mazoezi ya jambo hili. Aliens ya mwaka 1986 ilifuata filamu ya 1979 iliyoongozwa na mwingine, na ya kwanza ilikuwa na dude moja tu. Yeye akaleta kundi, ndiyo, lakini kabla ya kundi alimwamsha Ripley, mwanamke aliyenusurika kwenye ile ya kwanza, kutoka usingizi wa miaka 57 na kumweka mezani mbele ya watu wa kampuni wasiomwamini. Dude ni dude. Usingizi wa miaka 57 ndio uliomvuta mtazamaji, kwa sababu kila mtu aliyewahi kumjua ameshazeeka au kufa. Kisha akampa mtoto wa kumlinda, Newt, na saa mbili tukapigana pamoja naye ili mtoto yule atoke hai. Akatoka.

Mwaka 1992 ikaja ya tatu, ya muongozaji mwingine, na Newt amekufa kabla hadithi haijaanza. Chombo kimeanguka, mtoto kazama, na askari aliyenusurika pamoja naye amekufa pia. Kaka yangu mkubwa, mtu asiyelalamika hata akikanyagwa, aliinuka akaenda kuchaji simu, hakurudi. Nilipomfuata aliniambia, "Sasa jana tulikuwa tunapigania nini?" Sina jibu hadi leo. Ile filamu ina picha nzuri sana na ina watetezi wake, lakini mimi kila nikiitazama namsikia kaka. Mwaka 2019 Terminator: Dark Fate ikafanya vilevile: John, kijana yuleyule wa pikipiki na waridi, anauawa dakika za mwanzo ili njia iwe nyeupe kwa watu wapya.

Mtaniambia wasanii wana haki ya kuua. Wanayo. Cervantes, mwandishi wa Kihispania, alimuua shujaa wake Don Quixote mwishoni mwa kitabu cha pili, mwaka 1615, na hakuna aliyetupa kitabu. Ila tazama alivyofika huko. Kitabu cha kwanza kilitoka 1605. Mwaka 1614 mtu aliyejiita Avellaneda akatoa mwendelezo wake mwenyewe, bila ruhusa ya mtu. Cervantes, ambaye alikuwa anaandika wake, hakunyamaza: ndani ya kitabu chake cha pili, Don Quixote anasikia habari za kile kitabu cha uongo na kwa hasira anabadilisha safari, badala ya Zaragoza, ambako Avellaneda alimpeleka, anakwenda Barcelona, ili mwandishi yule aonekane mwongo. Na watu anaokutana nao njiani wameshasoma sehemu ya kwanza! Wanamjua, wanamfanyia mizaha kwa sababu wanamjua. Yaliyotokea kwanza yamekuwa mzigo anaotembea nao kila mahali. Anapokufa amechoka kwa haki, na msomaji amechoka naye. Newt hakuchoka. Newt alifutwa ili dawati liwe safi.

Nilitaka kumwekea binti na Top Gun: Maverick ya mwaka 2022, muda haukutosha, ila nitaitaja kwa ajili ya dirisha. Imepita miaka 36 tangu ya kwanza. Maverick, rubani wa ndege za kivita, ametupwa nje ya baa, amesimama gizani, na kupitia kioo anamwona kijana akipiga kinanda na kuimba wimbo ambao baba wa kijana huyo, rafiki yake aliyekufa wakiwa ndege moja, aliuimba zamani. Hasemi kitu. Ndege zote zinazofuata, na nyingi ni ndege kwelikweli, zinapaa kutokea dirishani hapo. Hii ni lifti nyingine.

Kwa anayetaka kuitazama Terminator 2 leo: kuna nakala ya sinema, dakika 137, na kuna ndefu iliyoongezwa takribani robo saa. Huduma niliyotumia ilinipa ya sinema bila kuniuliza, na ilipoisha ikaanza kucheza ya tatu yenyewe kabla majina hayajapita. Nikaruka kama nimeona nyoka kutafuta kidhibiti. Binti akataka kujua kama ya tatu ipo. Nikamwambia ipo, alale.

Nakala ndefu ina vitu ambavyo ningeviacha vilipokuwa, kama ndoto ya Sarah ya Kyle Reese. Lakini kipande kimoja kinatosha kukufanya uitafute. Wanafungua kichwa cha roboti mbele ya kioo ili kutoa kile kidude cha akili yake. Kioo chenyewe hakipo. Ni uwazi ukutani: upande wa huku kuna sanamu na dada pacha wa Linda Hamilton, Leslie, anayefungua kichwa, na upande wa pili Arnold Schwarzenegger na Linda wenyewe wanaigiza kama taswira yao. Ukishajua utaitazama mikono ya wale pacha hadi upitwe na mazungumzo. Usipitwe. Kidude kikishatoka, roboti limezimika, halina tofauti na friji, na Sarah anachukua nyundo. Miaka yote ile ya kujivuta kwenye kitanda ilikuwa kwa ajili ya dakika hii. Hana wa kumwogopa, adui kalala, nyundo iko juu. Mwanawe ndiye anayemzuia, na kwa mara ya kwanza mama inabidi aamue kama atamsikiliza.

Kwenye sinema kipande hicho walikikata. Mimi ningekata jangwa.

Terminator 2: nyota nne na nusu. Speed 2: nyota moja na nusu, ile nusu ni ya ruba.